Labridi Wengi Katika Tangi Moja: Kutoka Dalili Hadi Chanzo

Swali ninaloulizwa kuliko yote kuhusu samaki hawa huja hivi: "Nilimtia kwenye tangi jana jioni, leo simwoni. Amekufa?" Mara nyingi hajafa. Yuko chini ya mchanga, hata sentimita tano hazifiki, amelala zake. Kinachomtia hatarini ni mkono unaoingia kumtafuta.

Nimefuga labridi kwa miaka kadhaa katika tangi la lita 300 sebuleni kwangu Mombasa, na makosa mengi nitakayoyataja hapa niliyafanya mwenyewe. Kwa asiyelijua jina, labridi ni samaki wa ukoo wa Labridae, ndugu wa karibu wa pono. Baharini wako zaidi ya aina 500, na miamba yetu kuanzia Lamu kushuka hadi Msumbiji imejaliwa wengi. Wana rangi, hawatulii mchana kutwa, wengi hawagusi matumbawe, na baadhi huokota minyoo bapa na konokono wadogo waharibifu wanaokuja na mawe. Ndiyo maana aliyeanza na mmoja huishia na watano. Shida huanza na huyo wa pili.

Kabla ya kufuata dalili yoyote, jiulize mambo mawili. Kwanza, samaki huyu analala wapi? Halichoeres, Macropharyngodon, Anampses na Coris huzama mchangani jioni na kutoka asubuhi. Cirrhilabrus, Paracheilinus na Pseudocheilinus hulala kwenye nyufa za mawe, na wengi wao hujifunika kifuko cha ute wanachojitengenezea. Pili, nani alitangulia kuingia? Ndani ya kioo mwenyeji ana haki zote na mgeni hana hata moja, na mara nyingi ukubwa wa mwili haubadilishi hesabu hiyo. Nimeona mwenyeji wa sentimita sita akimnyima chakula mgeni wa sentimita kumi na mbili.

Nitatumia majina ya kisayansi kwa makusudi. Majina ya madukani hubadilika kutoka muuzaji hadi muuzaji, na ukimpata Pseudocheilinus ulipodhani unanunua Cirrhilabrus, utalia, maana huyo ni mkorofi.

Ametoweka

Chanzo cha kawaida kabisa ni hofu. Samaki wa mchangani akiogopa huzama, na safari ya ndani ya mfuko wa plastiki ni hofu tupu. Mgeni anaweza kukaa chini siku tatu hadi saba, na wengine huvuka hapo.

Wa kwanza wangu alikuwa Halichoeres iridis, labridi wa Bahari ya Hindi ya magharibi anayevuliwa pia kwetu: kichwa cha manjano ya kukolea chenye michirizi ya kijani, mwili mwekundu wa damu ya mzee. Nilimwachia, akazunguka tangi mara moja, akainamisha pua na kupiga mbizi kwenye mchanga kabla sijatoa mkono majini. Kilibaki kishimo kidogo, nacho kikajifukia. Nilihesabu siku tisa. Asubuhi ya kumi, taa zikiwa ndiyo kwanza zinawaka, niliona kitu kama punje ya mahindi juu ya mchanga karibu na kioo cha mbele. Ilikuwa pua yake. Baadaye yakatoka macho, yakawa yanazunguka huku mwili wote bado umefukiwa, kwa muda wa dakika tano au zaidi. Kisha akajichomoa, akajikung'uta, akala uduvi wote niliomtupia. Ningekuwa nimefukua mchanga siku ya tatu, kama nilivyoshauriwa dukani, sidhani kama ningemwona akila.

Chanzo cha pili ni saa. Samaki husafiri na jua la kwao. Ufilipino wako saa tano mbele ya Kenya, kwa hiyo labridi aliyetoka huko ataona jioni imefika saa saba mchana kwetu, azame na taa zikiwaka, kisha aamke saa saba usiku kwenye giza, hana chakula. Kwa jamaa zetu walio ng'ambo mambo hugeuka: samaki wa Kenya aliyefika New York atataka kulala kabla ya adhuhuri. Dawa yake ni ratiba ya taa isiyoyumba, saa ile ile kuwasha na saa ile ile kuzima, pamoja na chakula kidogo cha alfajiri. Ndani ya wiki moja au mbili hulifuata jua jipya.

Chanzo cha tatu ni mchanga wenyewe. Unatakiwa uwe laini, punje za nusu milimita hadi milimita moja au mbili, kina kisipungue sentimita tano. Kwa samaki anayevuka sentimita kumi na mbili mimi huweka nane. Vipande vya matumbawe vilivyosagika ovyo vinakwaruza. Utamwona ana jeraha jeupe puani au tumboni, au anajaribu kuzama mara mbili tatu na kurudi juu. Jeraha hilo ndilo mlango wa bakteria. Mchanga wa ujenzi usiutie kabisa. Na kama tangi lako halina mchanga, usinunue samaki wa kundi hili. Atajibanza kwenye kona usiku kucha, na hofu hiyo itammaliza polepole.

Chanzo cha nne ni kwamba kweli hayupo. Tazama sakafuni, nyuma ya tangi, kwenye sanduku la kufurikia maji na ndani ya kichujio. Pima amonia kila siku mbili. Tangi lililokomaa linaweza kumeza mzoga mdogo bila amonia kupanda, kwa hiyo kipimo safi hakithibitishi uhai, ila amonia inayopanda ni ishara nzito. Mpaka wiki mbili zipite, mimi humhesabu kuwa yu hai.

Amekutwa sakafuni

Umeme ulikatika saa mbili usiku, ukarudi saa tatu. Asubuhi mpwa wangu, aliyekuwa amelala sebuleni, akaja kuniamsha: "Mjomba, samaki wako yuko chini ya kochi, amekauka." Alikuwa Cirrhilabrus exquisitus, dume, na sehemu iliyokuwa wazi kwenye kifuniko ilikuwa ile ya kona ya nyuma ambako nyaya za pampu hupita. Upana wake ulikuwa kama vidole viwili.

Labridi karibu wote huruka. Huruka wanapofukuzwa, huruka taa zikizimika ghafla, na huruka zaidi wiki ya kwanza. Hawalipati tundu kwa bahati tu. Wakishtuka hujirusha mara nyingi, na tundu likiwepo ipo siku watalipata. Kwa hiyo kifuniko lazima kizibe kila mahali, pamoja na kona za nyaya.

Kwetu pwani kioo kizima juu ya tangi hakifai, joto linabaki ndani. Wavu ndio unaofaa: uzi mwembamba wa nailoni au plastiki, matundu ya milimita 6, uliobanwa kwenye fremu. Matundu ya milimita 12 yanampitisha Paracheilinus mdogo. Wavu wa chuma huota kutu, na ule wa mabati unaingiza zinki majini. Chandarua nacho hulegea na kuzama katikati. Juu ya wavu unaweza kuweka feni ndogo, nayo ikashusha joto nyuzi mbili au tatu kwa kukausha maji. Kumbuka tu kuongeza maji matamu yaliyosafishwa kila siku, maana kinachokauka ni maji, chumvi inabaki.

Kuhusu umeme, nilichofanya ni kuweka taa ndogo ya betri ukutani inayowaka yenyewe umeme ukikatika, na pampu ya hewa ya betri. Taa hiyo huwapa samaki nusu saa ya kutafuta malazi. Tangu hapo sijapoteza mwingine kwa njia hii.

Ukimkuta bado ana unyevu na mashavu yanatikisika, mrudishe majini mara moja, kwenye kisanduku chenye matundu ndani ya tangi lile lile, taa zikiwa zimezimwa. Wengi hupona.

Wanafukuzana

Hapa ndipo watu huingilia wasipopaswa, na kukaa kimya palipohitajika haraka.

Anza kwa kutofautisha ngoma na vita. Dume la Cirrhilabrus au Paracheilinus hucheza, hasa saa za alasiri kuelekea jioni. Husimamisha mapezi yote kama tanga, rangi zake zikabadilika kwa sekunde chache, mistari ya samawati ikawaka kama taa ya neoni, akapita kwa kasi ubavuni mwa jike au mbele ya dume jingine, akageuka, akarudia. Hagusi mtu. Jike husogea kidogo na kuendelea kuokota chakula. Hiyo ni posa, iache.

Vita ni jambo jingine. Mchokozi huja moja kwa moja, mapezi ameyabana, mdomo mbele, na anayefukuzwa hana muda wa kula. Tazama mapezi ya mkia: yakichanika, magamba yakipungua ubavuni, au mmoja akiwa amesimama kwenye kona ya juu karibu na pampu akihema, usingoje kesho. Kipimo changu ni chakula. Tupia uduvi. Anayefukuzwa akitoka na kula, wape siku tatu. Asipothubutu kutoka mara mbili mfululizo, watenganishe siku hiyo hiyo.

Baada ya hapo tafuta chanzo, na mara nyingi utakikuta kwenye mpangilio wa kuingia. Wapole waingie kwanza: Paracheilinus, baada yao Cirrhilabrus, kisha Halichoeres. Pseudocheilinus hexataenia, yule mdogo mwenye mistari sita, aingie mwisho kabisa kama ni lazima aingie. Hafiki hata sentimita kumi, lakini katika tangi dogo sijaona mkorofi kama yeye, na ukimtanguliza yeye, umefunga mlango kwa labridi wengine wote. Nawaambia waziwazi wanaoniuliza: chini ya lita 400, chagua yeye au chagua kundi la labridi.

Chanzo kingine ni kufanana. Labridi humchukia zaidi anayemfanana kwa umbo na rangi, maana huyo ndiye anayewania chakula chake, mwanya wake wa kulala na majike wake. Cirrhilabrus wawili wa aina zinazokaribiana sana watasumbuana kuliko Cirrhilabrus na Halichoeres. Madume wawili wa aina moja katika lita 300 hawapatani. Ukitaka kundi la aina moja, chukua dume mmoja na majike wawili hadi wanne, majike waingie kwanza au wote siku moja.

Kisha kuna jambo linalowashangaza wengi: ulinunua majike wawili, wakapatana miezi sita, leo wanauana. Karibu labridi wote wanaofugwa huanza maisha wakiwa majike, na jike mkubwa hugeuka dume nafasi ikiwa wazi. Mwaka 1972 mtafiti D. R. Robertson alieleza hali hii kwa Labroides dimidiatus, labridi msafishaji, huko Australia: dume akiondolewa, jike mwenye cheo huanza tabia za kidume ndani ya saa chache, na baada ya wiki mbili na siku kadhaa anatoa mbegu. Kwa hiyo katika kila kundi la majike subiri dume. Mmoja akigeuka na mwingine naye akaanza kugeuka, una madume wawili, na mmoja lazima ahame. Ndiyo sababu nashauri jike mmoja awe mkubwa wazi kuliko mwenzake tangu siku ya kununua: cheo kikijulikana mapema, ugomvi hupungua.

Kumwingiza mgeni bila ghasia, tumia kisanduku. Wanauza vya plastiki angavu, lakini changu ni kontena la kuhifadhia chakula nililolitoboa kwa msumari wa moto, matundu kila upande, nikalining'iniza juu ndani ya tangi. Mgeni akae humo siku tatu hadi saba, ale humo, na wenyeji wamzoee kwa macho. Kama ni wa mchangani, mwekee bakuli la mchanga ndani. Siku za kwanza mwenyeji atakuja kugonga plastiki kwa mdomo kutwa nzima. Akichoka na kurudi kwenye shughuli zake, ndipo umfungue mgeni, jioni, dakika chache kabla ya taa kuzimwa. Siku hiyo sogeza mawe matatu au manne. Mwenyeji akikuta mtaa umebadilika, naye anakuwa mgeni kidogo.

Njia nyingine ni kioo cha kujitazamia, ukiegemeze nje ya tangi upande wa mbali. Mbabe ataona mpinzani wake mle na kumaliza hasira huko. Tumia saa moja au mbili kwa siku, siku chache tu. Kwa Labroides usitegemee sana: mwaka 2019 Masanori Kohda na wenzake wa Osaka walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba samaki huyo, baada ya siku kadhaa mbele ya kioo, huonekana kujitambua na kujikuna mahali penye alama aliyowekewa.

Anakula na bado anakonda

Mtazame kwa mbele, si kwa ubavu. Labridi mwenye afya ana mgongo mnene nyuma ya kichwa. Ukiona pale juu pamebonyea na tumbo limeingia ndani, anakula pungufu au analiwa kutoka ndani.

Wengi wanakula pungufu. Baharini samaki hawa huokota kitu kila dakika chache tangu jua kuchomoza, na mwili wao hauna akiba. Mlo mmoja wa jioni, ukitoka kazini, haumtoshi Cirrhilabrus. Mpe mara tatu kwa siku, kidogo kidogo: maisisi na artemia (uduvi wadogo sana wa kulishia samaki), hiyo artemia ikiwa imelowekwa vitamini, mayai ya samaki, kamba au ngisi aliyekatwakatwa mpaka akawa kama punje za mchele. Mimi hununua kamba wabichi sokoni, nawasuuza, nawagandisha kwenye friji bapa kama biskuti, na kukwangua kwa kisu.

Macropharyngodon ni mtihani zaidi. Yule wa kwetu, M. bipartitus, jike wake mwenye madoa meupe juu ya rangi ya chungwa, ni mzuri kiasi cha kumfanya mtu asahau kuuliza. Chakula chake cha asili ni viumbe vidogo sana wenye magamba wanaoishi mchangani na juu ya mawe, na wengi wao hukataa chakula kilichoganda. Tangi lisilotimiza mwaka, lenye mawe machache, halimtoshi.

Kama anakula vizuri mara tatu kwa siku na kinyesi chake ni cheupe chenye nyuzi ndefu, shuku minyoo au vimelea vya utumbo. Wa mchangani waliovuliwa baharini huja nao mara nyingi. Dawa za prazikwanteli kwa minyoo na metronidazo kwa vimelea vidogo hufanya kazi vizuri zikichanganywa na chakula, samaki akiwa karantini, yaani kwenye tangi la pembeni, kwa kipimo kilichoandikwa au alichokitoa daktari wa wanyama.

Anahema kwa kasi, ana madoa, au ameamka na utando

Kwanza utando. Asubuhi mapema ukimkuta Cirrhilabrus amezungukwa na kitu kama plastiki nyembamba, chafu kidogo kwa vumbi la mchanga, usitafute dawa. Ni kifuko chake cha usingizi. Akiamka hukivunja, na mabaki huelea kama kamasi mpaka yanaswe na kichujio. Pono nao hufanya hivyo, na mwaka 2011 watafiti wa Australia walionyesha kwamba kifuko cha pono humkinga na vimelea wanyonya damu wa usiku, kazi ile ile ya chandarua. Ukitaka kukiona, funika tochi kwa karatasi nyekundu ya plastiki na uchungulie saa mbili baada ya taa kuzimwa. Mwanga mwekundu hauwashtui sana.

Kuhema ni jambo zito. Mashavu yakipiga haraka, pima maji kwanza: amonia, joto, chumvi. Maji ya zaidi ya nyuzi 29 hubeba oksijeni kidogo, na siku za joto kali kabla ya masika tangi la sebuleni hufika hapo kirahisi. Lengo langu ni nyuzi 25 hadi 27 na uzito wa maji (ukilinganishwa na maji matamu) 1.025. Kama wewe, kama mimi, huchota maji baharini, chota maji yakiwa yamejaa, mbali na mito na mifereji. Maji ya kupwa baada ya mvua yamebeba kila kitu kilichooshwa mjini.

Maji yakiwa sawa na bado anahema, tazama ngozi kwa mwanga wa pembeni. Madoa meupe kama punje za chumvi, yanayohesabika, ni kimelea kiitwacho Cryptocaryon. Vumbi laini la dhahabu au kijivu, lisilohesabika, samaki akijificha mbali na mwanga na kuacha kula, ni kimelea kingine, Amyloodinium, na huyo huua kwa siku chache. Madoa ya Cryptocaryon yakitoweka siku ya nne usishangilie. Vimelea vimeshuka kwenye mchanga kuzaana, vitarudi wakiwa wengi zaidi.

Tiba hufanyika nje ya tangi kuu. Dawa ya shaba inaua kamba, konokono na matumbawe, na mawe huinyonya. Labridi wengi huivumilia ikipandishwa polepole kwa siku kadhaa huku ukipima kila siku, lakini si wagumu kama samaki wengine, kwa hiyo usirukie kipimo cha juu siku ya kwanza. Wa mchangani anahitaji bakuli la mchanga hata karantini. Tumia mchanga wa silika uliosuuzwa, ule wa vichujio vya mabwawa ya kuogelea, kwa sababu mchanga wa matumbawe utainyonya shaba na vipimo vyako vitakuwa vya uongo. Tangi kuu libaki bila samaki hata mmoja. Wiki sita ndizo chache kabisa, na mimi hungoja miezi miwili na nusu.

Ameinamisha kichwa, mkia juu

Akielea mkia juu, au akipambana kushuka, kibofu chake cha hewa kimedhurika, mara nyingi kwa sababu alipandishwa haraka kutoka kina kirefu. Cirrhilabrus wengi ni wa kina. Cirrhilabrus wakanda wa Zanzibar, aliyeelezwa kisayansi mwaka 2019, aligunduliwa mita 50 hadi 80 chini. Nyumbani huna la kufanya zaidi ya kumpa utulivu, maji yasiyo na mkondo mkali na chakula karibu yake. Wachache hujirudia baada ya wiki.

Hili lizuie dukani. Mwombe muuzaji ampe chakula mbele yako. Tazama midomo: mdomo mweupe au uliovimba kwa wa mchangani maana yake amekuwa akigonga sakafu ya chombo kisicho na mchanga. Mwache hata kama bei imeshuka.

Rangi zinafifia

Dume la Cirrhilabrus akiishi peke yake, miezi ikipita rangi hupoa, maana hana wa kumchezea. Majike wawili hurudisha mengi. Wakati mwingine ni chakula cha aina moja tu. Na mara nyingine ni woga: samaki aliyepauka mbele ya mbabe hung'aa tena ndani ya siku mbili za kisanduku, na hapo umepata jibu lako.

Wasiofaa nyumbani

Coris aygula mdogo, mweupe mwenye madoa mawili ya chungwa mgongoni, anauzwa akiwa na urefu wa kidole. Mkubwa wake huvuka mita moja. Coris cuvieri naye huvuka sentimita 30 na kupindua mawe kutafuta chakula, na Thalassoma hebraicum, kwa uzuri wake wote, atamla kamba wako wa usafi siku ya kwanza.

Labroides dimidiatus, msafishaji, ndiye anayeniuma zaidi. Kwenye mwamba samaki mmoja hula vimelea wapatao 1,200 kwa siku kutoka kwenye miili ya samaki wengine, na tewa na changu hupanga foleni kumngoja. Katika tangi la nyumbani hakuna vimelea hao. Wengi hukonda na kufa ndani ya wiki chache, na mwamba walikotolewa umepoteza daktari. Namwomba kila anayesoma amwache huko.

Kumtoa mkorofi

Ukishajua ni nani, usimkimbize na wavu mchana. Utabomoa mawe na kuwatisha wote. Wa mchangani ni rahisi: hulala mahali pale pale kila usiku. Jioni tatu mfululizo tazama anapozama, weka alama kwa kalamu juu ya kioo, kisha saa mbili baada ya taa kuzimwa zamisha kontena pana na uuchote mchanga wa mahali hapo wote kwa mara moja.

Wa kwenye mawe mtegee chupa. Kata shingo ya chupa ya maji ya lita moja na nusu, igeuze kinywa kitazame ndani, ibane, toboa matundu ya kupitisha maji, funga uzi, weka kipande cha kamba wa kula ndani kama chambo. Usiwape chakula siku nzima. Mbabe ndiye huingia wa kwanza, kwa kuwa hamwogopi mtu.

Mpeleke karantini au kwenye kisanduku wiki mbili, wengine wapate nguvu na wagawane nafasi yake. Ukimrudisha, mrudishe kama mgeni: kisanduku kwanza siku tano, mawe yasogezwe, afunguliwe jioni. Akianza tena ndani ya siku tatu, mtafutie mfugaji mwenye tangi kubwa, au umwekee lake.